Uyoga wa kichuguu au wa nyasini? Chimba kabla ya kuchuma

Mvua kubwa ya masika ikipiga usiku kucha, asubuhi yake utawaona watoto wa huku kwetu nje ya mji wa Malindi wanapita na mabeseni. Wengine wanafuata kumbikumbi, wengine uyoga. Mpwa wangu alirudi mwezi wa Mei na beseni limejaa pomoni: kofia nyeupe, kila moja kama kisahani cha chai, chache zinakaribia sahani ya wali. Alichuma mahali pawili. Nusu ilitoka kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, nusu kwenye kiwanja cha mpira. Mimi niliyetazama kwa haraka niliona uyoga wa aina moja tu.

Bibi hakushughulika na kofia. Aliupindua kila uyoga akatazama mwisho wa mguu.

"Huu uliuchimba ama uliuvunja?"

"Nimeuvunja, bibi."

"Basi huu si wangu."

Beseni likabaki robo. Nikanung'unika kwamba chakula kinatupwa. Nikaokota mmoja kati ya ile aliyoikataa, iliyotoka kiwanjani, nikaukata mguu, nikailaza kofia juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli hadi asubuhi. Nilipoinua bakuli karatasi ilikuwa na vumbi la kijani kilichofifia, kama unga wa mlonge uliokaa sana dukani. Tangu siku hiyo sibishani na bibi kuhusu uyoga. Yanayofuata ni ulinganisho wa uyoga unaoweza kuuona hapa baada ya mvua, kwa mtu anayesimama mbele ya kofia nyeupe na hajui ale au aache.

Wawili wanaofanana

Wa kwanza ni uyoga wa kichuguu, ambao wataalamu wanauita Termitomyces. Wa pili ni uyoga wa nyasini, Chlorophyllum molybdites, nao ndio huwatapisha watu katika nchi nyingi za joto. Yote miwili ni mikubwa, ni mirefu, ina rangi nyeupe na kahawia kidogo juu, na yote hutoka baada ya mvua. Ukiweka kofia mbili kwenye ungo bila miguu yake, hata mzoefu atakwambia mletee na mguu.

Tofauti inaanzia ardhini. Uyoga wa kichuguu hauoti juu ya udongo kwa bahati. Unatoka ndani ya nyumba ya mchwa. Mchwa hawa wanatafuna majani makavu na vijiti, wanavirudisha kichuguuni, na kwa kinyesi chao wanajenga sega lenye vishimo kama sponji. Juu ya sega hilo inastawi kuvu, na kuvu inailainisha miti ambayo mchwa peke yao wangeshindwa kuimeng'enya. Kisha mchwa wanakula kuvu pamoja na sega lililolainika. Ni wakulima hasa, na kilimo chao kina umri wa miaka milioni 30 hivi, kikiwa kimeanzia hapa hapa Afrika. Mvua zikija, kuvu ile inasukuma uyoga kutoka kwenye sega, unapanda kupitia udongo mgumu, hadi kofia inachomoza nje. Kwa sababu hiyo kofia yake ina ncha katikati, ngumu, mara nyingi yenye rangi ya giza kuliko pembeni: ndiyo iliyotoboa ardhi. Na kwa sababu hiyo pia mguu wake hauishii kwenye uso wa udongo. Unaendelea chini, unakuwa mwembamba kama mkia wa panya, wakati mwingine nusu mita na zaidi, mpaka kwenye sega.

Mkia huo ndio bibi aliokuwa akiutafuta.

Uyoga wa nyasini hauna mkia. Unakula majani na nyasi zilizooza, basi hauhitaji kwenda mbali. Mguu wake unaishia kwa kuvimba kama kichwa cha kitunguu, pale pale chini ya nyasi. Utauona viwanjani, kwenye bustani za hoteli zinazomwagiliwa, kwenye majani ya kando ya barabara, mara nyingi umejipanga duara. Shingoni una pete nene ambayo ukiishika kwa vidole inapanda na kushuka kama pete iliyolegea. Juu ya kofia kuna magamba ya kahawia, mengi katikati, machache pembeni.

Hapa watu wengi wanasimama wakisema: vizuri, wenye magamba na pete naacha, mweupe laini nachukua. La. Uyoga wa kichuguu una jamaa wengi, na wamo wenye magamba na wenye mabaki ya pete. Magamba nayo yanaweza kuoshwa na mvua. Kofia ni nguo tu.

Chini ya kofia kuna matamvua, vile vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za msahafu ulioachwa wazi. Ya uyoga wa kichuguu ni meupe, na yakikomaa yanageuka rangi ya waridi hafifu. Ya uyoga wa nyasini nayo ni meupe ukiwa mchanga, ndipo yanapokomaa yanachukua ukijani. Angalia hapo: ukiwa mchanga. Uyoga wa nyasini uliofunguka jana una matamvua meupe safi ya kumdanganya mtu yeyote. Uzuri wa mkakasi. Kwa hiyo usiamue kwa rangi ya matamvua. Amua kwa rangi ya vumbi linaloanguka kutoka humo, yaani mbegu zenyewe. Ukate mguu, uilaze kofia iliyofunguka kwenye karatasi, ufunike na bakuli, uache usiku mzima. Vumbi la waridi ni la upande wa kichuguu. Vumbi la kijani, tupa, kisha nawa mikono. Karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi ni bora zaidi, maana kuna uyoga wenye vumbi jeupe ambalo kwenye karatasi nyeupe hulioni.

Vumbi la waridi pekee nalo halitoshi. Upo uyoga mwingine wenye vumbi la waridi usiohusiana na mchwa, na mwingine katika huo ni mbaya. Na kichuguu pekee hakitoshi, kwa sababu kichuguu kilichohamwa ni rundo la udongo wenye rutuba kama rundo jingine lolote, na uyoga wowote unaweza kuota juu yake. Ukielekea sehemu kavu za bara utaona hata kitu kigumu kama rungu dogo kimesimama juu ya kichuguu, ndani kimejaa unga mweusi. Nacho kimetoka kichuguuni. Unachotaka ni vitu vitatu kwa pamoja: kichuguu chenye mchwa hai, mkia unaoshuka, na vumbi la waridi. Kikikosekana kimoja, umekosa.

Kuchimba kwenyewe

Kosa la beseni la mpwa wangu lilikuwa mkono. Mtoto anashika kofia, anavuta, mguu unakatika pale udongo ulipoanzia, anafurahi, anaenda kwa mwingine. Ushahidi wote umebaki ardhini.

Chukua panga au jembe dogo. Usianzie kwenye mguu. Anzia kando, kiasi cha kiganja, ushuke taratibu ukiondoa udongo kwa vidole. Udongo wa kichuguu ukilowa hukatika kama sabuni, hivyo si kazi ngumu. Ukiona mguu unazidi kuwa mwembamba na kuendelea chini, uko kwa wenyeji. Si lazima ufike kwenye sega, na afadhali usifike: ukilivunja shamba la mchwa umejinyima mavuno ya mwakani. Kabla ya kutia mkono popote tazama matundu ya pembeni, kwa sababu kichuguu kina wapangaji wengi na fira ni mmoja wao.

Kuna ndugu mdogo wa familia hii anayevunja kanuni yangu, nami sina budi kumtaja. Ni uyoga mdogo sana, kofia kama kifungo cha shati, unaotoka mamia kwa mamia siku moja na kuufanya udongo uonekane umemwagiwa mchele. Huu hauna mkia mrefu, kwa sababu unaota juu ya vipande vya sega ambavyo mchwa wenyewe wamevitoa nje. Wanaoujua wanaukusanya kwa ungo. Kwa mtu anayeanza, mimi nasema auache, maana uyoga mdogo mweupe una wenzake wengi wanaofanana na hakuna mkia wa kukusaidia.

Chini ya mrihi

Sasa tuhame shambani twende msituni. Arabuko-Sokoke, kwa anayeujua kwa kupita barabarani tu, ni ukuta wa kijani kutoka upande wa Kilifi hadi Gede. Kwa ndani ni misitu mitatu. Upo ule mchanganyiko wenye mibambakofi. Upo ule wa mchanga mwekundu upande wa magharibi, vichaka vimesongamana mpaka mtu anapita kwa ubavu. Na katikati, juu ya mchanga mweupe, upo msitu wa mirihi: miti imeachana, jua linafika chini, unaweza kuona mbali.

Mchanga ule mweupe ni maskini. Ukipanda mahindi pale utavuna huzuni. Mrihi unaishi kwa sababu mizizi yake imefungamana na nyuzi za kuvu. Nyuzi zinautafutia mti maji na madini mbali kuliko mizizi inavyofika, mti unazilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Mbambakofi nao una mkataba kama huo. Mwembe na mnazi wana kuvu zao pia, lakini za aina nyingine, zisizotoa uyoga wa kuchumwa. Kwa hiyo uyoga wa mrihini usiutafute kwenye shamba la minazi hata mvua inyeshe wiki tatu, ilhali uyoga wa kichuguu unaweza kuupata chini ya mnazi, mkorosho au pasipo mti, ilimradi mchwa wapo.

Miti ya jamii ya mrihi inaendelea kusini hadi Tanzania, Zambia na Malawi, na huko wanawake wanapanga kando ya barabara mafungu ya uyoga wa manjano na wa rangi ya machungwa, umbo kama faneli. Kitaalamu ni Cantharellus. Ukikutana na wa namna hiyo chini ya mirihi, upindue. Hauna matamvua ya kukatika kama kurasa. Una makunjo manene, yanayogawanyika na kushuka mpaka mguuni, na ukijaribu kuyabandua kwa ukucha unabandua nyama yenyewe. Hauna pete, hauna kikombe chini, na wengi wananukia tunda. Ukiulinganisha na wa kichuguu, huu ni rahisi kuutofautisha na ule wenye sumu kali, kwa kuwa maumbile yake ni ya peke yake. Ugumu wake uko kwingine.

Ugumu wa kwanza: miti ile ile inayolea huu wa manjano inalea pia ukoo wa Amanita. Ndani ya ukoo huo wamo wanaoliwa vizuri huko kusini, na wamo wanaoua. Alama za ukoo ni matamvua meupe, vumbi jeupe, mara nyingi pete shingoni, na chini kabisa kikombe kama ganda la yai lililopasuka, ambamo mguu umesimama. Kikombe hicho kiko ndani ya udongo au chini ya majani makavu. Ukivunja mguu kwa juu unakiacha nyuma, na mkononi unabaki na uyoga mweupe mzuri usio na alama yoyote ya hatari. Rudi basi kwenye panga lako. Kuchimba kule kule kulikokuonyesha mkia wa kichuguu ndiko kunakokuonyesha kikombe cha mrihini. Mkia unashuka na kuchongoka. Kikombe kinaishia hapo kama mfuko. Ukiona kikombe, usianze kujiuliza huyu ni wa wanaoliwa ama wa wanaoua. Funika kwa majani uende.

Ugumu wa pili ni wa sheria. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, kilomita za mraba 420 hivi, na huingii na beseni kama shambani kwa mjomba. Kuchuma mazao ya msitu bila kibali ni kosa. Magofu ya Gede, yaliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, nayo si mahali pa kuchuma ingawa kivuli chake kinatamanisha. Juu ya hayo, msituni mna ndovu, na ndovu haulizi umekuja kwa uyoga ama kwa magogo. Nenda na kiongozi wa msitu, upige picha, ufurahie. Kama unataka chakula, kichuguu cha shambani kwenu kinatosha.

Vipimo vya jikoni visivyopima

Nimeyasikia yote. Chemsha na kitunguu saumu, kikigeuka rangi ni sumu. Tumbukiza kijiko cha fedha. Ukiona konokono ameula, nawe kula. Weka punje za mchele. Mbuzi akiula ni halali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotenganisha. Konokono ana tumbo lake. Sumu ya Amanita wabaya haigeuzi fedha, haigeuzi kitunguu, na haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa juani. Wala si chungu mdomoni ya kukuonya. Sumu haionjwi, na hii ukiionja haina habari.

Kinachotofautiana sana kati ya wabaya hawa wawili ni saa, na ni vizuri kila nyumba ijue. Uyoga wa nyasini unakushika mapema: saa moja mpaka tatu baada ya kula, kichefuchefu, kutapika na kuharisha kwa nguvu. Unatesa, na kwa mtoto au mzee upungufu wa maji ni hatari ya kweli. Amanita wa sumu anasubiri. Zinapita saa sita, kumi na mbili, hata siku nzima, ndipo tumbo linachafuka. Baadaye mgonjwa anapata nafuu, anaomba uji, watu wanamshukuru Mungu, na wakati huo ini linaharibika. Kwa hiyo aliyekula uyoga mchana akaanza kutapika alfajiri, usimngoje apate nafuu. Hospitali, mara moja, na uyoga uliobaki mbichi ukiwa ndani ya karatasi, hata maganda yaliyotupwa jaani. Maziwa na mkaa wa jikoni si dawa ya jambo hili.

Nani achague upi

Kama una kichuguu hai shambani, na una mtu mzima mwenye kukijua wa kusimama nawe mara ya kwanza, chagua uyoga wa kichuguu. Kwangu mimi hakuna unaoushinda kwa ladha, una nyama ya kutafunika kama ya kuku, na mkia wake ni kitambulisho ambacho uyoga wa nyasini hauna. Udhaifu wake ni msimu: siku chache za masika, pengine na za vuli, na ukichelewa hadi mchana funza wamekutangulia. Hutaupata uliolimwa pia, kwani anayetaka kuulima lazima kwanza awalime mchwa.

Kama unachotegemea ni kiwanja, bustani au majani ya kando ya barabara, jibu ni moja, usichague chochote. Najua upo uyoga mwingine wa kwenye nyasi unaoliwa. Nimejua pia vumbi la kijani lilivyo.

Wa mrihini niuachie anayeishi nao kila mwaka. Sisi wengine tukautazame.

Na kama unataka uyoga wa Jumanne yoyote, bila mvua wala panga, kuna ule wa kulimwa wenye kofia za kupangana kama chaza, unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua au magunzi ya mahindi. Hauna makuu. Ukiukaanga na kitunguu na pilipili ya mbuzi hakuna atakayelalamika, ila usimwambie bibi kwamba ni sawa na wa kichuguu.

Robo ile iliyobaki beseni aliipika yeye mwenyewe. Aliiosha haraka bila kuiloweka, akachana kofia kwa mkono, akaitia kwenye tui jepesi na nyanya na chumvi mpaka ikaiva kabisa, kisha akamalizia kwa tui zito, sima pembeni. Mbichi hauliwi, na mara ya kwanza mtu anakula kidogo tu hata kama aina yake ni sahihi, kwa sababu matumbo hayalingani. Mmoja hakuupika. Aliufunga mzima pamoja na mkia wake kwenye gazeti, akauweka juu ya kabati. Nilipomuuliza ni wa nini akasema ni wa daktari, na kama kesho yake hakuna aliyemhitaji daktari, ni wa kuku.

Kesho yake kuku waliula.